HxD na usomaji wa jedwali la partisheni kwa mkono: tathmini

HxD ni kihariri cha heksi cha Windows, yaani programu ya kuonyesha na kubadilisha baiti ghafi kwa namba za msingi wa 16, kilichoandikwa na Maël Hörz. Hakilipiwi, kinapatikana pia katika toleo lisilohitaji kusakinishwa, na kinaweza kufungua faili ya kawaida, kumbukumbu ya programu inayoendelea kufanya kazi, taswira ya diski au diski yenyewe. Hapa nakipima kwa kazi moja tu, nayo ni kusoma kwa mkono jedwali la partisheni (orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa), pale ambapo Windows inadai kwamba diski haijaandaliwa, au inakuomba uifomati ilhali unajua vizuri kwamba ina data. Kwa kazi hiyo nakiona ni chombo bora kwa diski za mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa jedwali), chombo cha kutosha kwa zile za GPT (mpangilio mpya zaidi), na chombo cha kushikwa kwa hadhari kubwa iwapo msomaji anakusudia kuvuka kutoka kusoma hadi kuandika.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo wakati programu za kurejesha partisheni zipo, na nyingine, kama TestDisk ya Christophe Grenier, hazina gharama yoyote. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba programu hizo hukupa hukumu kabla ya ushahidi: zinakwambia partisheni ipo au haipo, lakini mara nyingi hazikuonyeshi wazi kama jedwali limefutwa kwa sifuri tupu, kama limebaki zima ila alama yake ya mwisho imepotea, au kama tarakimu moja tu ndiyo iliyoharibika. Hali hizo tatu zinatibiwa kwa njia tofauti kabisa, na zote huonekana kwa macho ndani ya sekta moja, yaani kipande kimoja cha diski chenye baiti 512.

Kufungua diski katika HxD kunahitaji ruhusa ya msimamizi. Dirisha la kuchagua diski lina makundi mawili, diski za kimantiki na diski halisi, na hapo ndipo wengi hupotea mwanzoni. Ukichagua diski ya kimantiki, yaani herufi kama C au D, sekta ya kwanza utakayoiona si ya diski bali ni sekta ya kuanzia ya partisheni hiyo. Kinachochanganya ni kwamba sekta hiyo nayo huishia kwa baiti 55 AA, kwa hiyo mgeni huona alama anayoitarajia, huanza kusoma jedwali mahali palipoelekezwa, na kupata namba zisizo na maana yoyote. Jedwali la partisheni linasomwa kutoka diski halisi tu. Dirisha hilohilo lina kisanduku cha kufungua diski kwa kusoma tu, nacho huwa kimewekewa alama tangu mwanzo. Uamuzi huo mdogo wa mwandishi wa programu naupa alama nyingi kuliko mapambo yote ya vihariri vya bei kubwa, kwa sababu kidole kikigonga herufi bila kukusudia, hakuna kitakachoandikwa.

Diski ikishafunguka, HxD huonyesha baiti 16 kwa kila mstari, huku anwani zikiwa kushoto na herufi zikiwa kulia, na huchora mstari wa kutenganisha sekta moja na nyingine. Juu kuna upau wa kuhamia sekta ya kwanza, inayotangulia, inayofuata na ya mwisho, pamoja na mahali pa kuandika namba ya sekta unayoitaka. Upau huo ndio unaokifanya kifae kwa kazi hii. Namba zilizomo kwenye majedwali ya partisheni huhesabu sekta wala hazihesabu baiti, na kihariri kisichojua sekta hukulazimisha kuzidisha kila namba kwa 512 kabla ya kwenda popote.

Sasa jedwali lenyewe. Mpangilio wa MBR ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na haujabadilika sana tangu hapo. Baiti 446 za mwanzo zimeachiwa programu ya kuwashia mashine. Ndani yake, kwenye anwani 1B8 (anwani zote hapa ni za heksi), Windows huweka sahihi ya diski yenye baiti nne. Jedwali linaanzia anwani 1BE, lina maingizo manne ya baiti 16 kila moja, na baada yake, kwenye 1FE, zinakaa baiti 55 AA. Kwa kuwa 1BE si mwanzo wa mstari, kila ingizo kwenye skrini ya HxD linakatika: baiti mbili mwishoni mwa mstari mmoja, kumi na nne kwenye mstari unaofuata. Ni kero ndogo ambayo jicho huizoea, lakini ndiyo inayowafanya wanaoanza wasome ingizo la pili wakidhani ni la kwanza. Mazoea mazuri ni kushika nguzo badala ya mistari: aina ya partisheni hukaa kwenye 1C2, 1D2, 1E2 na 1F2, zote zikiwa nguzo moja chini ya tarakimu 2, sekta ya kuanzia huanza chini ya tarakimu 6, na idadi ya sekta huanza chini ya herufi A. Ukishaona nguzo hizo tatu, kukatika kwa mistari hakukusumbui tena.

Tuchukue ingizo linalosomeka hivi:

80 20 21 00 07 FE FF FF 00 08 00 00 00 00 80 02

Baiti ya kwanza, 80, inasema kwamba mashine inaweza kuwashwa kutoka partisheni hii. Ingekuwa 00, isingekuwa ya kuwashia, na thamani nyingine yoyote mahali hapo ni dalili kwamba unachokisoma si jedwali. Baiti tatu zinazofuata, 20 21 00, ni anwani ya mwanzo kwa hesabu ya zamani ya silinda, kichwa na sekta. Aina ni 07, ambayo hutumiwa na mifumo ya faili ya NTFS na pia exFAT. FE FF FF ni anwani ya mwisho kwa hesabu ileile ya zamani, na hapa imejazwa kiwango cha juu kabisa kwa sababu partisheni inavuka mpaka ambao hesabu hiyo inaweza kuufikia. Zinazobaki ndizo zenye kazi siku hizi. Baiti 00 08 00 00 zinasomwa kuanzia kulia, kwa kuwa baiti ndogo hutangulia, nazo zinatoa 800 ya heksi, yaani sekta 2,048. Kisha 00 00 80 02 zinatoa 2800000 ya heksi, yaani sekta 41,943,040, ambazo ukizizidisha kwa 512 unapata baiti 21,474,836,480, sawa na gibibaiti 20 kamili.

Hesabu hizo HxD hukufanyia nusu yake. Tangu toleo la 2.0 kina paneli ya kukagua data: unaweka kishale kwenye baiti ya kwanza ya namba, nayo inakuonyesha thamani ya baiti hizo kama namba ya biti 8, 16, 32 au 64, kwa mpangilio wa baiti utakaouchagua chini ya paneli. Hakikisha umechagua ule wa baiti ndogo kwanza, kisha soma mstari wa namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi. Paneli hiyo haijui kwamba inasoma jedwali la partisheni. Hilo kwangu ni sifa, kwani inakulazimisha ujue kwanza ulipo, halafu ndipo uamini inachokuonyesha.

Uhakiki wa ingizo hauhitaji programu ya ziada. Ukijumlisha sekta ya kuanzia na idadi ya sekta, 2,048 na 41,943,040, unapata 41,945,088, na kama partisheni ya pili inafuata bila pengo, sekta ya kuanzia katika ingizo lake itaandikwa 00 08 80 02. Kisha andika 2048 kwenye mahali pa namba ya sekta na uangalie ulipofika. Sekta ya kuanzia ya NTFS hufungua kwa EB 52 90, na upande wa kulia herufi NTFS zinasomeka wazi. FAT32 hufungua kwa EB 58 90, na jina lake linaonekana kwenye anwani 52 ndani ya sekta. Partisheni za ext4, mfumo wa faili wa Linux, ni za faragha zaidi, kwani sekta yao ya kwanza huweza kuwa tupu, na alama yao, 53 EF, hukaa baiti 438 za heksi kutoka mwanzo wa partisheni. Ukikuta alama inayolingana na baiti ya aina, ingizo ni zima. Ukikuta vitu vingine, rudi nyuma ujaribu sekta 63, kwa sababu ndipo partisheni ya kwanza ilipoanzia kwa kawaida kabla ya Windows Vista kuleta desturi ya kuanzia mebibaiti ya kwanza.

Partisheni za nyongeza, zenye aina 05 au 0F, ni mahali ambapo usomaji wa mkono huanza kuuma. Ndani yake hakuna jedwali moja bali mnyororo wa sekta, kila moja ikiwa na maingizo mawili yanayotumika: la kwanza linataja partisheni ya kimantiki, la pili linaelekeza kwenye kiungo kinachofuata. Shida ni kwamba namba hizo mbili hazihesabiwi kutoka mahali pamoja. Ya kwanza huhesabiwa kutoka sekta uliyomo, na ya pili kutoka mwanzo wa partisheni nzima ya nyongeza. HxD haitoi msaada wowote hapo, na karatasi na kalamu zinahitajika kwelikweli.

Kwa diski za GPT mambo hubadilika. Sekta ya kwanza, yaani sekta 0, bado ina umbo la MBR, lakini ina ingizo moja la ulinzi lenye aina EE, linaloanzia sekta 1 na kudai diski yote, ili programu za zamani zisidhani kwamba diski ni tupu. Kichwa cha kweli kiko sekta 1, nacho hutambulika papo hapo kwa sababu upande wa herufi unasomeka EFI PART. Baiti zinazofuata zina toleo, kisha ukubwa wa kichwa, ambao kwa kawaida ni 5C, yaani 92. Halafu kuna hesabu ya ukaguzi ya CRC-32 (namba inayofichua kama baiti zimebadilika), mahali kichwa hiki kilipo, mahali nakala yake ilipo, mipaka ya sekta zinazoruhusiwa kutumiwa, kitambulisho cha diski, na mwisho sekta ambapo maingizo yanaanzia pamoja na idadi na ukubwa wake. Kwa kawaida kuna maingizo 128 ya baiti 128 kila moja, yaani baiti 16,384 zinazojaza sekta 2 hadi 33.

Hapa HxD hufaa na kukera kwa wakati mmoja. Hufaa kwa sababu kila ingizo hujaza mistari minane kamili, bila kukatika kama kwenye MBR, na paneli ya ukaguzi inajua kusoma kitambulisho cha GUID, kile cha baiti 16 kinachotaja aina ya partisheni. Jambo hilo si dogo. Vitambulisho hivyo huhifadhiwa kwa mpangilio mchanganyiko, ambapo vipande vitatu vya mwanzo vimegeuzwa na viwili vya mwisho havijageuzwa. Ile aina ya partisheni ya EFI inayoandikwa C12A7328-F81F-11D2-BA4B-00A0C93EC93B huonekana kwenye diski kama 28 73 2A C1 1F F8 D2 11 BA 4B 00 A0 C9 3E C9 3B. Kuigeuza kichwani inawezekana, lakini kuifanya hivyo kwa maingizo mengi ni kujitafutia makosa. Hukera kwa sababu jina la partisheni limeandikwa kwa UTF-16, yaani kwa kawaida baiti mbili kwa kila herufi, na upande wa herufi wa HxD unajua usimbaji wa baiti moja tu kwa herufi, kwa hiyo jina linatokea na nukta kati ya kila herufi mbili. Linasomeka, ila halipendezi. Mtu asisahau pia kwamba GPT hutaja sekta ya mwisho badala ya idadi ya sekta, na kwamba sekta hiyo ya mwisho nayo ni sehemu ya partisheni. Ukitaka ukubwa, toa ya kwanza kutoka ya mwisho, kisha ongeza moja.

Kilichonivutia zaidi katika upande wa GPT ni kwamba HxD inaweza kuthibitisha hesabu za ukaguzi yenyewe. Kwa orodha ya maingizo kazi ni nyepesi: chagua eneo kuanzia anwani 400 hadi 43FF kwa heksi, fungua menyu ya uchambuzi, taka CRC-32 ya eneo ulilochagua, kisha linganisha jibu na baiti nne zilizo kwenye nafasi ya 58 ya heksi ndani ya kichwa, ukikumbuka kuzisoma kwa kinyume. Kwa kichwa chenyewe kuna hatua moja zaidi, kwa sababu hesabu yake hufanywa wakati mahali pake pamejazwa sifuri. Nakili baiti 92 za kichwa kwenye faili mpya, andika sifuri kuanzia anwani 10 hadi 13, kisha fanya hesabu. Jibu likilingana na baiti nne ulizozifuta kwenye nakala, kichwa ni kizima na tatizo la diski liko kwingine. Lisipolingana, nenda kwenye sekta ya mwisho ya diski kwa kubofya mara moja, ambako nakala ya kichwa hukaa, na maingizo yake yakiwa kwa kawaida kwenye sekta 32 zinazoitangulia. Vichwa viwili havitakuwa sawa baiti kwa baiti, kwani kila kimoja hutaja mahali pake na pa mwenzake, lakini orodha mbili za maingizo zinapaswa kuwa pacha, na kipengele cha kulinganisha data katika HxD kitakuonyesha tofauti ya kwanza kama ipo.

Ziko diski ambazo sekta yake kwa mfumo ni baiti 4,096, na hizo zinahitaji uangalifu. Kichwa cha GPT hapo hakiko kwenye anwani 200 ya heksi bali kwenye 1000, na kila namba ya sekta inazidishwa kwa 4,096. Baadhi ya makasha ya USB huonyesha diski ya kawaida kana kwamba ina sekta za ukubwa huo. Ukiitoa diski kwenye kasha na kuichomeka moja kwa moja kwenye mashine, jedwali lililoandikwa kwa hesabu moja husomwa kwa hesabu nyingine, na data yote huonekana imepotea ilhali haijaguswa. Ukifungua taswira ya diski, HxD hukuuliza ukubwa wa sekta, na jibu lisilo sahihi hapo litakupotezea muda mwingi.

Kasoro kubwa ya HxD kwa kazi hii ni kutokuwa na violezo. Katika 010 Editor, ambayo inalipiwa, kiolezo kinaweza kupaka rangi kila sehemu ya jedwali na kuipa jina lake; Active@ Disk Editor nayo ina violezo vya MBR na GPT vilivyo tayari. Kwa anayesoma majedwali kila siku kama sehemu ya ajira yake, hizo zitampunguzia uchovu, na sitamshawishi vinginevyo. Ila kiolezo kina tabia ya kukubali kila kitu: ukikielekeza mahali pasipo jedwali, bado kitapanga baiti hizo katika visanduku vyenye majina mazuri. Na kwa anayetumia Linux, HxD si yake. Huko xxd au hexdump vinatosha kuonyesha sekta ya kwanza bila kuweka chochote kipya.

Kuhusu kuandika, HxD haiandiki chochote kwenye diski mpaka uagize kuhifadhi, na baiti zilizobadilishwa huonekana kwa rangi tofauti, hivyo una nafasi ya kukagua ulichofanya. Baada ya kuhifadhi, hata hivyo, usitegemee nakala ya akiba iliyoundwa kimyakimya kama ile ambayo kihariri hutengeneza kwa faili za kawaida. Kabla ya kugusa jedwali, chagua sekta 34 za mwanzo na 33 za mwisho, zinakili kwenye faili na uziweke kwenye diski nyingine. Tangu Vista, Windows huzuia maandishi ya moja kwa moja kwenye sekta zilizo ndani ya partisheni ambayo mfumo unaitumia, lakini sekta 0 haimo ndani ya partisheni yoyote, kwa hiyo usidhani kizuizi hicho kitakuokoa. Kwa GPT, kubadilisha namba moja ndani ya ingizo kunalazimu kusahihisha CRC ya orodha, kisha CRC ya kichwa, kisha kurudia yote kwenye nakala ya mwisho wa diski. Kazi hiyo ningeiachia gdisk, programu ya kuhariri majedwali ya GPT, nami nibaki na HxD kwa kuthibitisha matokeo. Kwa MBR, ambako mara nyingi ni kurudisha 55 AA iliyofutwa au kusahihisha baiti ya aina, HxD inatosha. Mfumo huenda ukaendelea kuonyesha hali ya zamani hata baada ya kuhifadhi, kwa sababu Windows hailisomi jedwali upya kwa kuwa tu baiti zake zimebadilika: agiza usimamizi wa diski uchunguze diski upya, au chomoa diski na uichomeke tena.